Maswali ya Wasomaji: Chekechea ya Umma Ipi, na Mtoto Wangu Atakaa na Nani?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zimetoka nyanda za juu za Kaunti ya Nakuru, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtoto anatimiza miaka minne, chekechea za umma zipo, lakini ni ipi itakayompokea pamoja na watoto wa kabila, dini na hali nyingine bila kumfanya mgeni miongoni mwao? Tumechagua barua nne. Majina ya waandishi na ya shule zinazotajwa tumeyaacha.

SWALI: Mwalimu, salamu. Tulihamia Elburgon kutoka Kisumu baada ya mume wangu kupata uhamisho wa kikazi. Nyumbani tunazungumza Kijaluo na Kiswahili. Binti yetu atatimiza miaka minne kabla ya Januari, nami nimezuru chekechea mbili za umma. Ya kwanza imo ndani ya uwanja wa shule ya msingi karibu na soko. Watoto ni wengi mno, lakini ni wa kila kabila. Ya pili ni ya kaunti, jengo jipya upande wa kuelekea Mariashoni. Watoto ni wachache na mwalimu ni mpole, ila karibu wote wanazungumza lugha ambayo sisi hatuijui. Mume wangu anaipenda ya pili kwa sababu ya nafasi. Jirani anatusihi twende shule ya kibinafsi yenye basi. Mimi nikikumbuka historia ya huku, sitaki mtoto wangu awe peke yake. Je, mtoto wa miaka minne anajua kabila? Na hizi chekechea za umma husimamiwa na nani hasa?
*Mama wa watoto wawili, Elburgon*

JIBU: Mama, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo litakalokuonyesha mlango wa kubisha. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea, na tangu serikali hizo zianze kazi mwaka 2013 shule za msingi na za upili zimebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Ndiyo maana mwalimu wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, huajiriwa na kaunti wala si na TSC, tume ya kitaifa inayowaajiri walimu, hata kama darasa lake limepakana ukuta na Gredi ya Kwanza. Katika uwanja mmoja, basi, mna mabwana wawili: mwalimu mkuu wa shule ya msingi ndiye mwenye ufunguo wa lango na usemi juu ya vyoo na tangi la maji, ilhali mshahara wa mwalimu wa chekechea hutoka makao makuu ya kaunti mjini Nakuru. Mzazi asiyejua mpaka huo hupeleka lalamiko la choo kwa kaunti na lalamiko la mwalimu kwa mwalimu mkuu, akarudi nyumbani mikono mitupu kotekote. Kwa habari za mwalimu, vifaa na wingi wa watoto darasani, nenda kwa msimamizi wa wadi na uombe kuonana na afisa anayeshughulikia chekechea. Eneo bunge la Molo lina wadi nne, yaani Elburgon, Mariashoni, Turi na Molo, kwa hiyo yawezekana chekechea zako mbili zinahesabiwa katika wadi tofauti.

Umri wa binti yako hauna tatizo. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, mtoto huingia PP1 akiwa na miaka minne, PP2, mwaka wa pili wa chekechea, akiwa na mitano, na Gredi ya Kwanza akiwa na sita. Yale madarasa ya watoto wa miaka mitatu unayoyasikia katika shule za kibinafsi hayamo katika mfumo huo, na mtoto ambaye hakuyapitia hajachelewa lolote, hata akikaa karibu na aliyekwisha kuimba alfabeti yote.

Sasa kabila. Mtoto wa miaka minne hajui kabila kwa maana tuliyo nayo sisi watu wazima, lakini anajua nani anaeleweka anapoomba maji na nani haeleweki, nani huitwa kwa jina lake na nani huitwa "wewe", na ni matamshi ya nani yanayochekwa. Hayo yanatosha kumfanya apende shule au aanze kuumwa na tumbo kila Jumatatu. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba watoto ni watoto tu na watazoeana. Huzoeana mahali ambapo mtu mzima aliye mbele yao amejitahidi wazoeane.

Historia unayoikumbuka imeacha alama katika madarasa yenyewe. Mapigano yaliyozuka eneo la Molo wakati wa uchaguzi wa 1992 na wa 1997, kisha baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yaliwang'oa watu mashambani mwao, na wengi waliporudi au kuhamia kwingine walipendelea kukaa karibu na wenye lugha yao. Chekechea huchukua watoto wa mwendo wa miguu mifupi. Kijiji kikiwa cha lugha moja, chekechea yake itakuwa ya lugha moja, wala hakuna mwalimu aliyembagua mtu langoni. Vivyo hivyo, mchanganyiko unaouona katika darasa la karibu na soko si sifa ya shule hiyo. Umeletwa na soko, reli, viwanda vya mbao na nyumba za kupanga, ambazo kwa miaka mingi zimewakusanya Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya, Wajaluo na wengine katika mitaa ile ile. Shule imepokea tu kilichokuwa kimekwisha kuchanganyika. Ukiielewa hivyo, hutaiabudu ya mjini wala hutaishuku ya kijijini.

Tena, usiihesabu lugha moja kuwa kosa. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya Kenya imekuwa kwamba watoto wadogo wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule, na mahali penye mchanganyiko, kama mijini, lugha hiyo huwa Kiswahili. Mtaala wa sasa umeendelea na msimamo huo hadi Gredi ya Tatu. Upande wa Mariashoni ni nyumbani kwa Waogiek, jamii ambayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, iliipa ushindi dhidi ya serikali ya Kenya tarehe 26 Mei 2017 katika kesi ya ardhi yao ya msitu wa Mau. Ikiwa hao ndio watoto uliowaona, mwalimu anayewaimbia kwa lugha yao hana ukabila. Anatekeleza sera, na pengine anaiokoa lugha ambayo wasemaji wake ni wachache kuliko za majirani wote. Suala lako ni jembamba zaidi: je, mwalimu huyo ataweza kumpokea mtoto mmoja asiyeijua lugha hiyo, na anataka kufanya hivyo?

Jibu la hilo halipatikani ofisini. Omba ruhusa ya kukaa darasani asubuhi moja, na uchague wakati wa uji, kwa sababu wakati wa somo kila mwalimu hujipanga mgeni anapokuwepo, lakini uji unapomiminwa mambo hujionyesha. Tazama mtoto anapomwaga kikombe: mwalimu anamsemesha kwa lugha gani, na mtoto aliye pembeni anaelewa? Tazama jinsi watoto wanavyopanga vifuniko vya chupa vya kuhesabia, kama wamekaa kwa makundi waliyojichagulia au mwalimu amewachanganya. Sikiliza daftari la mahudhurio likisomwa. Mwalimu anayelitamka kila jina kama mama wa mtoto anavyolitamka, liwe la Kikisii au la Kiturkana, ameshaifanya kazi kubwa kabla ya saa tatu. Katika darasa la sokoni ninataka pia uhesabu vichwa na uhesabu walimu. Watoto wakiwa hamsini au zaidi chini ya mtu mmoja, hata wawe wa makabila yote ya nchi hii, wanachoshiriki pamoja ni msongamano, na wasiwasi wa mume wako juu ya nafasi ni wasiwasi wa haki.

Kuhusu shule ya basi, huenda ina makabila mengi vilevile. Ila wazazi wake wote wana uwezo wa kulipa nauli na karo ile ile kila muhula, na mtoto anayekulia humo atamjua Mkikuyu, Mjaluo na Mkisii wa mfuko mmoja tu. Ikiwa ndiyo mlango pekee uliobaki, pita. Ikiwa sivyo, fedha hizo zina kazi nyingine nyumbani.

Maoni yangu ni kwamba muanze na chekechea ya karibu na soko, ikiwa mtakuta ina walimu wawili, au hata mmoja mwenye msaidizi wa kudumu, kwa sababu Kiswahili anachokuja nacho binti yenu ndicho kitakachokuwa lugha ya darasa na hatalazimika kunyamaza kwa muhula mzima. Mkikuta mwalimu ni mmoja na watoto hawahesabiki, basi nendeni ile ya upande wa Mariashoni, mradi mwalimu amekubali kwa kinywa chake kutumia Kiswahili sambamba na lugha ya pale, na mradi njia si ndefu. Elburgon iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kupanda kilima katika ukungu wa Julai ukiwa na miguu ya miaka minne ni jambo ambalo wanaume wanaochagua shule kwa kutazama jengo hulisahau.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kibarua wa shamba karibu na Njoro. Nilimpeleka mwanangu kwenye chekechea ya umma. Akafanyiwa intavyuu, akaulizwa rangi kwa Kiingereza, akanyamaza. Nikaambiwa nijaribu kwingine, na kwamba hata kama angepita kuna pesa ya kiti, rimu mbili za karatasi na pesa ya uji kabla ya kuanza. Watoto wa wenye maduka walichukuliwa siku hiyo hiyo. Chekechea si bure?
*Baba, Njoro*

JIBU: Ndugu yangu, ulichofanyiwa kinapingana na sheria mara mbili, na ninashukuru umekiandika kwa mpangilio.

Kwanza intavyuu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo inaihesabu chekechea kuwa sehemu ya elimu ya msingi, inasema katika kifungu cha 34 kwamba shule haitambagua mtoto anayetafuta nafasi kwa msingi wowote, na inataja kabila, jinsia, dini, rangi, hali ya kijamii, umri, ulemavu, lugha na utamaduni. Kifungu hicho hicho kinakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kuamua kama ataingia. Kumpima kunaruhusiwa tu kwa ajili ya kujua aanzie ngazi ipi. Sasa mtoto wa miaka minne anayeingia PP1 apimwe aende ngazi gani iliyo chini ya PP1? Kumwuliza rangi kwa Kiingereza mtoto ambaye kwao hakuzungumzwi Kiingereza ni kumpima mzazi wake, na matokeo yake umeyaona mwenyewe: wenye maduka ndani, wenye majembe nje.

Pili pesa. Kifungu cha 29 kinaizuia shule ya umma kudai karo ya masomo. Malipo mengine yanaweza kuwekwa, lakini kwa idhini ya Waziri wa Elimu akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata yakiidhinishwa mtoto hafukuzwi wala hakataliwi kwa sababu mzazi wake hajalipa. Tena hakuna anayeruhusiwa kukusanya pesa hizo bila kutoa risiti rasmi. Kwa hiyo rudi, omba kwa upole orodha ya malipo iliyoandikwa na kutiwa muhuri, na uulize risiti itakuwa ya nani. Mara nyingi ombi hilo peke yake hupunguza orodha. Wakishikilia msimamo wao, nenda kwa msimamizi wa wadi kuhusu chekechea na kwa ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo kuhusu shule ya msingi inayoihifadhi, na ubebe maelezo mafupi kwenye karatasi: tarehe, ulichoambiwa, na cheo cha aliyekuambia.

Uji ninauweka kando kidogo. Mahali ambapo kaunti haitoi chakula, wazazi wengi huchanga unga, sukari na kuni kwa makubaliano yao, na sioni ubaya wake, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hahesabu vifuniko. Ubaya huanza pale mchango wa hiari unapogeuka kuwa tikiti ya lango. Nimesoma barua za aina yako kwa miaka, nazo zimenifanya niamini kwamba madarasa yetu ya umma katika miji midogo hupoteza mchanganyiko wao zaidi kwa orodha ya viti na karatasi kuliko kwa kabila. Watoto wa vibarua wa kila lugha hubaki nyumbani pamoja, na darasa lililobaki hujisifu kwamba lina makabila saba. Ukishindwa kutoa unga, jitolee kupasua kuni au kutengeneza ua. Wazazi wenye busara katika kamati hukubali, na mtoto wako hunywa uji bila kuhesabiwa mdeni.

SWALI: Binti yangu ana miaka mitano na hasikii vizuri sikio moja, na jingine kidogo. Mwalimu wa chekechea ya hapa Molo amesema nimpeleke shule maalum mbali na nyumbani. Mimi ningependa asome na watoto wa mtaa. Ninakosea?
*Mzazi, Molo*

JIBU: Hukosei. Katiba, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu zilizo pamoja na jamii, kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake mwenyewe, na hayo maneno ya mwisho yana uzito: yanataka binti yako apimwe kwanza, kisha ndipo iamuliwe asome wapi. Neno la mwalimu mmoja halitoshi. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kilipo kituo cha tathmini, kile kinachojulikana kama EARC. Vituo hivyo vipo nchini tangu 1984, na walimu wake wamesomea kumpima mtoto na kumshauri mzazi kuhusu shule. Kabla ya hapo mpitishe hospitalini masikio yatazamwe, kwa maana usaha au nta iliyoziba huonekana kama uziwi na hutibika.

Ikiwa kituo kitasema anaweza kusoma na wenzake, mwombe mwalimu mambo madogo ambayo hayahitaji bajeti: amketishe mbele, upande ambao sikio lenye nafuu linaelekea mwalimu, azungumze akiwa amemtazama, asiwe anaandika ubaoni huku akitoa maagizo, na awafundishe watoto wengine kumgusa bega kabla ya kumsemesha. Hilo la bega watoto hulishika kwa siku chache, na baadaye hukukumbusha wewe mzazi. Ikiwa kituo kitaona kwamba anahitaji lugha ya ishara tangu sasa, usiipuuze shule maalum kwa sababu ya umbali peke yake, maana kukaa miaka miwili katikati ya watoto wa mtaa bila lugha ya kuwasiliana nao si kuchangamana.

SWALI: Mwanangu Mwalimu, ninalea mjukuu hapa Turi. Mama yake yuko Saudi Arabia kikazi. Mtoto alizaliwa nyumbani na hana cheti cha kuzaliwa. Chekechea wamesema bila cheti hawamwandiki.
*Nyanya, Turi*

JIBU: Nyanya, shikamoo. Wanachokitaka kina sababu, kwa kuwa mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi hudai namba ya cheti, na mwalimu mkuu huogopa kuwa na watoto wasiohesabika. Lakini Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na haikuandika kwamba ni wa wenye vyeti tu. Omba aanze huku karatasi zikitafutwa, na utoe ahadi hiyo kwa maandishi ili mwalimu awe na kitu cha kuonyesha.

Kwa kuwa miezi sita tangu kuzaliwa imepita, utakuwa usajili uliochelewa. Anza kwa naibu wa chifu, ambaye anaweza kuthibitisha kwamba mtoto alizaliwa katika eneo lake. Beba kijitabu cha kliniki cha chanjo, kitambulisho chako, na nakala ya kitambulisho cha mama yake, ambayo anaweza kukutumia kwa simu ikachapishwa kwenye duka la saiba. Kisha nenda ofisi ya usajili wa raia inayohudumia kaunti ndogo yenu. Sehemu ya maombi siku hizi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, basi nenda na kijana unayemwamini, na usimpe mtu wa nje ya ofisi pesa za "kuharakisha". Hakikisha jina la mtoto limeandikwa sawasawa na lilivyo katika kijitabu cha kliniki, herufi kwa herufi, kabla hujaweka kidole, kwa sababu kulisahihisha baadaye kunachukua muda mrefu kuliko kulisajili, na ni bora kazi hiyo ianze sasa kabla ya msongamano wa Januari.